Kanuni za bure za michezo ya uigizaji mezani: njia tano, na ipi ikufae

Kikundi kinataka kuanza kampeni, yaani mfululizo wa vikao ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na kete zinaamua matokeo. Hela ya kununua vitabu vitatu vinene haipo, na mtandaoni kanuni za bure zimejaa tele. Mmoja anapakua faili la kwanza analokutana nalo, watu wanaunda wahusika, mchezo unaanza. Kufika kikao cha tatu, mchezaji anaomba tawi la fani (kazi ya mhusika, kama mpiganaji au mchawi) ambalo halimo kwenye faili, au silaha mpya inafagia kila adui, au kanuni waliyokwisha kuizoea imefutwa na mchapishaji. Lawama zote zinamwendea mchapishaji. Mara nyingi anaonewa: alitoa kile alichosema atatoa, ila waliopakua walitarajia kingine.

Njia zilizolinganishwa hapa ni tano: SRD ya Dungeons & Dragons (D&D), Pathfinder kupitia Archives of Nethys, majaribio ya Unearthed Arcana, nyongeza za DLC za Cyberpunk RED, na michezo inayotolewa bure mwanzo hadi mwisho, mfano Basic Fantasy, Cairn na Ironsworn. Zote hazilipiwi, lakini mchapishaji wa kila moja ana sababu yake ya kuitoa, na sababu hiyo ndiyo inayoamua faili litaishia wapi.

Vigezo

Kila njia inapimwa kwa maswali yale yale. Kwanza, kinachopatikana: unaweza kucheza kwa faili hilo peke yake, au linadai kitabu cha kununua? Pili, kinachokosekana. Hapa jibu la "siyo kamili" halimsaidii mtu. Anachohitaji ni kujua mpaka umepita wapi hasa. Tatu, uthabiti: kanuni unayoisoma leo itakuwepo mwezi ujao? Nne, mizani, yaani imejaribiwa kiasi gani kabla ya kukufikia, na ni nini kinachoharibika ikikosewa. Tano, haki: unaruhusiwa kuchapa, kutafsiri, kugawa, kuuza?

Swali la tano wengi hulipuuza, na kwa meza inayotaka kuchezea Kiswahili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kumweleza mchezaji kanuni kwa mdomo hakuhitaji kibali cha mtu. Kuandika kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 40 na kukisambaza kunahitaji leseni inayoruhusu.

Ukitaka kipimo cha haraka, uliza hivi kwa kila njia: mchezaji akitaka mhusika anayetumia nguvu za akili, anayesoma mawazo na kusogeza vitu bila kuvigusa, atampata?

SRD ya Dungeons & Dragons

Kinachopatikana. SRD ni hati ya marejeo ya kanuni inayotolewa na Wizards of the Coast. Toleo la 5.1 linafuata kanuni za mwaka 2014, na 5.2, lililotoka Aprili 2025, linafuata kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024. Ukiwa na 5.2 unaweza kuendesha kampeni kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 20 bila kununua chochote: fani zote 12 zimo, mbari tisa (kama binadamu, kibete na elf), uchawi wa kutosha, vifaa vya kimazingaombwe na madubwana ya kujaza mapango ya miaka kadhaa.

Kinachokosekana. Kila fani ina tawi moja tu. Mpiganaji ni Champion, basi. Mkiwa na wapiganaji wawili mezani, wote wanafika ngazi ya 3 wakiwa Champion. Usuli wa wahusika uko wa aina nne: mhudumu wa hekalu, mhalifu, msomi na askari. Kwenye 5.1 hali ni kavu zaidi, kwani kuna usuli mmoja na kipaji kimoja cha kuchagua, Grappler. Madubwana ambayo kampuni inayahesabu kuwa mali yake, kama beholder na mind flayer, hayamo. Wala hakuna kisa kilichoandaliwa cha kuanzia. Mhusika wa nguvu za akili hayupo.

Malalamiko kwamba SRD "imekatwa nusu" yanatokana na kuisoma kama zawadi kwa wachezaji. Iliandikwa kwanza kwa ajili ya waandishi wanaotaka kutunga visa na nyongeza zinazooana na D&D, na mwandishi anahitaji msingi wa kujengea, hahitaji matawi yote. Ukiichukulia hivyo, ni nono kuliko inavyosemwa.

Uthabiti. Hakuna inayoishinda. Mwanzoni mwa 2023 ilivuja rasimu ya kubadilisha leseni ya zamani ya OGL, iliyowaruhusu wachapishaji wengine kutumia kanuni hizo tangu mwaka 2000, na kelele za wachezaji na wachapishaji wadogo zikairudisha kampuni nyuma. Tarehe 27 Januari 2023 ikaiweka SRD 5.1 chini ya Creative Commons CC BY 4.0. Leseni hiyo haifutiki. Ukishaipata hati na ukatimiza masharti, hakuna wa kukunyang'anya. SRD 5.2 nayo imetolewa kwa leseni iyo hiyo.

Mizani. Ni kanuni zile zile za vitabu vya kulipia, kwa hiyo zimejaribiwa vya kutosha. Kinachoharibu ni kuchanganya matoleo. Katika 5.1 nyongeza za sifa za mwili na akili zinatokana na mbari. Kibete wa vilimani, kwa mfano, anapata +2 ya ustahimilivu na +1 ya hekima. Katika 5.2 nyongeza hizo zimehamishiwa kwenye usuli: ama +2 na +1, ama +1 mara tatu. Mchezaji akichukua mbari kutoka faili la zamani na usuli kutoka faili jipya anaondoka na +6 badala ya +3, na hakuna atakayegundua mpaka mhusika wake anapogonga kila shabaha. Chagueni toleo moja na mfute jingine kwenye simu zote.

Haki. Unaruhusiwa kuchapa, kutafsiri na hata kuuza, almradi uweke tamko la kutambua chanzo kama lilivyoandikwa mwanzoni mwa hati, na usiongeze maneno mengine yanayoonyesha kwamba Wizards wanahusika na kazi yako. SRD 5.1 ina tafsiri rasmi za Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania. Ya Kiswahili haimo, na huhitaji kumwomba mtu ruhusa ili kuiandika.

Inamfaa anayetaka mchezo unaojulikana kuliko yote, anayevumilia uchache wa chaguo, au aliye na nia ya kuandika cha kwake.

Pathfinder kupitia Archives of Nethys

Kinachopatikana. Ukipima kwa wingi, hakuna mshindani. Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, wameifanya tovuti ya Archives of Nethys kuwa hazina rasmi ya kanuni zao, na zinazowekwa humo si za kitabu cha msingi pekee. Fani, uchawi, vipaji, madubwana, silaha na mitego ya vitabu vilivyofuata vyote vimo. Yule mhusika wa nguvu za akili yupo mzima: fani ya psychic ilitoka katika kitabu cha mwaka 2022 na inasomeka hapo bure, pamoja na matawi yake.

Kinachokosekana. Picha, maelezo marefu ya ulimwengu wa mchezo, na visa vyenyewe. Linalowasumbua zaidi wanaoanza ni kukosa mpangilio wa kujifunza. Kitabu humshika mgeni mkono kutoka ukurasa hadi ukurasa, lakini hazina hii inamtupa kwenye orodha ya maelfu ya vipengele. Isitoshe, ni tovuti, kwa hiyo hakuna faili moja la kupakua ukasoma pasipo mtandao. Bando likiisha katikati ya pambano, kanuni zimeisha nalo. Dawa ni kuhifadhi mapema kurasa za vitendo vya msingi, hali zinazompata mhusika na madubwana ya kikao hicho. Programu ya Pathbuilder, ambayo sehemu yake kubwa ni ya bure, inasaidia kuunda wahusika bila kukosea hesabu.

Uthabiti. Ni mzuri, lakini kuna mshono unaokwaza. Kuanzia Novemba 2023 Paizo walitoa upya vitabu vya msingi ili kujitenga na OGL. Wema na uovu kama sifa ya kila mhusika uliondolewa, makundi ya shule za uchawi yakafutwa, na majina mengi yakabadilika: Magic Missile ikawa Force Barrage, na hali ya flat-footed ikawa off-guard. Tovuti inahifadhi matoleo yote mawili. Mchezaji mmoja anasoma ukurasa wa zamani, mwenzake mpya, na wanabishania kitu kimoja chenye majina mawili. Kabla ya kuanza, kila mmoja aweke mpangilio wa tovuti uonyeshe kwanza kanuni zilizorekebishwa.

Mizani. Hesabu za Pathfinder zimebana sana, na hiyo ni nguvu yake. Ukizidi kiwango kinachotakiwa kwa 10 au zaidi, unapata mafanikio makubwa, ambayo kwenye shambulio ni pigo zito. Mpiganaji anayehitaji 9 kwenye kete ya pande 20 hupata mafanikio hayo kwa 19 na 20 tu, yaani mara 10 kati ya 100. Mpe +2 ya ziada: sasa anagonga kwa 7, na mafanikio makubwa yanaanzia 17, yaani mara 20 kati ya 100. Bonasi inayoonekana ndogo imeongeza maradufu mapigo mazito. Ndiyo maana nyongeza za mashabiki zenye bonasi za ukarimu zinavuruga mchezo huu haraka kuliko D&D. Vilivyomo kwenye hazina rasmi vimepimwa kwa hesabu hiyo; vya nje, vipime mwenyewe kabla ya kuviruhusu.

Haki. Vitabu vilivyotoka upya viko chini ya leseni ya ORC, iliyozaliwa katika mzozo ule ule wa 2023. Kanuni zenyewe unaweza kuzitumia, kuzirekebisha na kuzitafsiri, nawe unalazimika kuziachia wengine kanuni ulizozitunga juu yake. Majina ya miungu, miji na watu wa ulimwengu wa Paizo hayamo katika ruhusa hiyo. Kijitabu chako cha Kiswahili kitahitaji miungu yako mwenyewe.

Inamfaa mwenye mtandao wa uhakika na wachezaji wanaopenda kuchagua. Asiyependa kusoma ataichoka ndani ya wiki mbili.

Unearthed Arcana

Kinachopatikana. Mafaili mafupi ya majaribio ya D&D: fani mpya, matawi, mbari, wakati mwingine mfumo mzima wa kanuni. Jina limetoka kwenye kitabu cha 1985, lakini mfululizo wa mafaili ya bure kwa toleo la tano ulianza Februari 2015. Faili peke yake halichezeki, kwa sababu limeandikwa kwa mtu aliye na kanuni za msingi tayari, ingawa kanuni za bure mara nyingi zinatosha kulishikilia.

Kinachokosekana ni ukamilifu, na hilo limesemwa waziwazi kwenye ukurasa wa kwanza wa kila faili. Maandishi hayo ni rasimu. Mchapishaji anakupa bure ili ucheze, kisha ujaze dodoso. Malipo yako ni kuwa mtu wa kujaribiwa.

Uthabiti. Haupo, na usiutarajie. Agosti 2022, katika faili la kwanza la majaribio ya kanuni mpya, ilipendekezwa kwamba mapigo mazito yawe ya wahusika wa wachezaji pekee, madubwana yasiwe nayo. Faili lililofuata Septemba likarudisha kanuni ya zamani. Meza iliyobadilisha mchezo wake kwa mapendekezo yale ilibadilisha tena baada ya wiki chache. Kisa cha Mystic ndicho kinachouma zaidi: fani ya nguvu za akili iliyotolewa kwa majaribio, ikafikishwa ngazi ya 20 katika faili la 2017, watu wakajenga wahusika wa kampeni ndefu, halafu ikaachwa. Haikuingia kitabuni.

Mizani. Huko nyuma Mystic ililalamikiwa kwamba inaweza kufanya kazi ya kila mtu mezani, kupigana, kuponya, kujificha na kuroga. Kasoro ya aina hiyo ndiyo majaribio yanatafuta, kwa hiyo kuikuta si uzembe. Uzembe ni wa mwendesha mchezo (anayesimulia kisa na kusimamia kanuni mezani) anayeruhusu faili la majaribio kana kwamba ni kitabu. Ukiruhusu, fanya hivi: hifadhi nakala na uandike tarehe ya toleo kwenye karatasi ya mhusika, weka muda wa majaribio wa vikao vitatu au vinne, mwambie mchezaji mapema, mbele ya wenzake, kwamba mhusika wake anaweza kujengwa upya, na mkubaliane atageukia fani ipi faili likiachwa. Sharti hilo la mwisho husahaulika, na ndilo linalozuia ugomvi.

Haki. Unearthed Arcana haimo kwenye leseni ya Creative Commons ya SRD. Itumie mezani kwako. Usiitafsiri na kuisambaza, na usiijengee bidhaa.

Inamfaa mwendesha mchezo mzoefu aliye na wachezaji wasionuna wakipunguziwa nguvu.

DLC za Cyberpunk RED

Kinachopatikana. R. Talsorian Games walitoa Cyberpunk RED Novemba 2020, na tangu hapo wamekuwa na desturi ya kutoa nyongeza fupi za bure kwa PDF, kwa kawaida moja kila mwezi. Nyingine ni silaha, kama Old Guns Never Die inayorudisha bunduki za matoleo ya zamani. Nyingine ni kichekesho chenye manufaa: Elflines Online inawapa wahusika mchezo wa mtandaoni wa ulimwengu wa kichawi, wa kuchezwa ndani ya mchezo.

Kinachokosekana. Kitabu cha msingi, na hicho kinauzwa. DLC haijaribu kujitegemea. Inakutajia ujuzi na kanuni na kudhani unazijua. Kipo kijitabu cha bure, Easy Mode, cha kuonjea mchezo, lakini ukitaka kutumia DLC nyingi utakwama bila kitabu kamili. Nguvu za akili hakuna, maana ulimwengu huu ni wa vyuma na waya mwilini.

Wingi wa DLC umewazoesha wachezaji vibaya kidogo. Mwezi ukipita kimya, wanauliza kulikoni, kana kwamba walilipia usajili. Nyongeza hizi ni njia ya kuufanya mchezo uendelee kusemwa kati ya kitabu na kitabu. Baadaye nyingi hukusanywa katika vitabu vya kulipia, kama Interface RED Volume 1, pamoja na mambo mapya. Aliyekwisha kupakua halazimiki kununua mkusanyiko. Anayenunua analipia mpangilio, kitabu cha kushika mkononi, na vile vipya.

Uthabiti. DLC ikishatoka ni rasmi, si rasimu. Tazama tu masahihisho ya kitabu cha msingi, kwani DLC mpya huandikwa kwa kufuata kanuni zilizokwisha kusahihishwa, na anayeshika nakala ya mwanzo ya kitabu anaweza kuona namba zisizooana.

Mizani. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu silaha za bure ndizo zinazoombwa na kila mchezaji. Deraya nyepesi ya kawaida ina kinga ya 11. Bastola nzito inapiga kete tatu za pande sita, wastani wa 10.5, na inafyatua mara mbili kwa zamu: risasi ya wastani haipenyi. Bastola nzito sana inapiga kete nne, wastani wa 14, lakini mara moja tu: risasi ya wastani inapitisha 3. Kila risasi inayopenya inapunguza kinga kwa 1. Sasa chukua bunduki yoyote mpya na uiweke kwenye mizani hiyo. Ikiwa inapiga kete nne na inafyatua mara mbili, risasi ya kwanza inapitisha 3, ya pili 4, kwa zamu moja, na deraya inaliwa kasi maradufu. Adui mwenye uhai wa 40 aliyepangwa kusumbua kikundi kizima atakwisha mapema. Angalia pia bei. Bei za mchezo huu zimepangwa kwa ngazi, 10, 20, 50, 100, 500, 1,000, 5,000, na ngazi ndiyo breki ya mwendesha mchezo: kitu cha 100 kila mtu atakuwa nacho kikao kijacho, cha 5,000 ni lengo la kampeni.

Haki. Hakuna leseni ya wazi. Mashabiki wanaruhusiwa kutunga vyao kwa masharti, bila kuuza. Kuchapa nakala ya kutumia mezani si tatizo. Kutoa tafsiri ya DLC nzima ni jambo jingine, na halimo kwenye ruhusa.

Inamfaa aliyekwisha kununua kitabu. Kwake yeye, hakuna anayemwongezea vitu bila malipo kwa mfululizo kama huu.

Michezo ya bure mwanzo hadi mwisho

Kinachopatikana. Mchezo wenyewe, wote. Basic Fantasy ni D&D ya mtindo wa zamani: mbari nne, fani nne, ngazi hadi 20, na rundo la visa na nyongeza zilizoandikwa na mashabiki, zote bure. Cairn inaingia kwenye kurasa chache sana. Mhusika ana sifa tatu, uhai wa kete moja ya pande sita na nafasi kumi za mizigo. Shambulio haliwi la kugonga au kukosa, unatupa kete ya madhara na kutoa deraya. Unamuunda kwa dakika kumi. Ironsworn, ya mwaka 2018, inachezeka hata peke yako, bila mwendesha mchezo, na PDF yake kamili ni bure pamoja na kadi na karatasi za kujaza.

Kinachokosekana. Wachezaji. Ukisema D&D, mtu amewahi kuisikia; ukisema Cairn, unaanza kueleza. Halafu nyongeza za mashabiki hazina mlinzi mmoja wa ubora: fani moja imejaribiwa kwa miaka, jirani yake imeandikwa usiku mmoja. Kwenye Cairn madhara yake ni madogo kwa sababu hakuna hesabu nyingi za kuvuruga. Kwenye Basic Fantasy, soma jedwali la ngazi la fani mpya sambamba na la mpiganaji na la mchawi kabla ya kukubali.

Uthabiti ni mkubwa. Baada ya mzozo wa 2023 Basic Fantasy ilitoa toleo la nne lililoachana na OGL na kuhamia CC BY-SA, leseni ile ile ya Cairn. Haki, kwa hiyo, ni pana kwa hizo mbili: tafsiri, chapa, uza ukitaka. Sharti ni kwamba tafsiri yako nayo uiachie kwa leseni iyo hiyo, na huwezi kumzuia mwingine kuichapa upya. Anayetafsiri kwa kutegemea kuuza nakala nyingi alifikirie hilo mapema; SRD ya D&D haina sharti hilo.

Inamfaa anayeanza bila kitu, na anayetaka mchezo wa Kiswahili kamili ndani ya wiki chache badala ya mwaka.

Kete na karatasi

Gharama iliyobaki ni hii, na njia hazilingani. Cyberpunk RED inatumia kete za pande 10 na za pande 6 tu. Ironsworn inahitaji kete moja ya pande 6 na mbili za pande 10. D&D, Pathfinder, Basic Fantasy na Cairn zinataka seti yenye kete ya pande 20. Kete ya ludo ipo kila duka. Ya pande 20 si rahisi kuipata. Ukiikosa, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi vya ukubwa mmoja, vikunje sawasawa, tia kwenye kikombe. Kila ukivuta kimoja kirudishe na utikise, la sivyo 20 ikishatoka haitarudi na uwezekano unabadilika kila mvuto. Programu ya simu nayo inafanya kazi hiyo.

Kwa kuchapa, usipeleke PDF nzima steshenari. SRD 5.2 ina zaidi ya kurasa 350, na mezani zinatumika chache: karatasi za wahusika, fani zilizochaguliwa, orodha ya hali, na madubwana ya kikao. Cairn, kwa upande wake, ichape yote na umpe kila mchezaji nakala.

Kwa hali yako

Mna mtandao dhaifu na wachezaji wapya: Cairn au Basic Fantasy, zilizochapwa. SRD inakuja baadaye kama mtataka.

Wachezaji wameshaona D&D kwenye video na hawataki kingine: SRD 5.2, toleo moja, na mwambieni kila mtu kuhusu tawi moja kwa fani kabla hajaunda mhusika. Anayelia kwa uchache anunue kitabu kimoja cha wachezaji, kitumiwe na meza yote.

Mchezaji amekazania mhusika wa nguvu za akili na hakuna hela: Pathfinder. Akikuletea faili la Unearthed Arcana badala yake, rudi kwenye masharti yaliyotajwa juu na uyaandike.

Unataka kuandika na kuuza kisa au kijitabu cha Kiswahili: SRD kwa uhuru zaidi, Cairn ikiwa unaridhika kazi yako iwe ya wote. Unearthed Arcana na DLC za Cyberpunk RED ziweke kando kabisa.

Kitabu cha Cyberpunk RED mnacho tayari: pakueni DLC zote, ila mwendesha mchezo aandike orodha ya zinazoruhusiwa na kuibandika kwenye kundi la WhatsApp. Isiyo kwenye orodha haipo sokoni.

Unacheza peke yako usiku baada ya kazi: Ironsworn, kete tatu na daftari.